Aliyebaki Ng'ambo ya Kagera

Kuna siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu wengine nayatafuta kwa taabu. Nilikuwa msichana wa Nkwenda, nimesimama kwenye mlango wa wodi ya wazazi huko Ankole, upande wa Uganda, na mzigo wangu kichwani. Muhula wangu ulikuwa umekwisha.

Nianze nyuma kidogo. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na msichana kupelekwa kusoma nje ya Karagwe lilikuwa jambo la kusimuliwa sokoni. Misheni yetu ilinichagua nivuke mto Kagera nikajifunze ukunga katika hospitali ya wenzao, muhula mmoja tu, kisha nirudi kuwasaidia akina mama wa kwetu. Baba alijivuna. Mama alinifungia ndizi za kuchoma za njiani, akaniambia nikifika nile wanachokula wao.

Wazee husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ilikuwa ulimi. Lugha yao, Kinyankole, na Kinyambo chetu ni ndugu, lakini hata ndugu hawafanani kwa kila kitu, na kila nilipofungua kinywa wenzangu walicheka. Ugali wao wa ulezi ulinikwama kooni. Jioni nilikuwa naenda nyuma ya jiko, nageukia kusini, naitazama milima na kujiambia ule wa mwisho kabisa ni wa kwetu. Haukuwa wa kwetu.

Aliyenikuta huko alikuwa Kyomugisha, mwanafunzi mwenzangu, binti wa hapo hapo. Hakunibembeleza. Aliketi kando yangu na ungo wake, akachambua maharage mimi nikilia, na alipomaliza akasema, "Kesho tuje tena." Tukaja kesho yake, na siku zilizofuata. Yeye ndiye aliyenifundisha maneno yao, na usiku wa baridi tuliunganisha mablanketi yetu. Kufikia katikati ya muhula hakuna aliyenicheka tena, au labda walicheka nami sikusikia. Ule ugali wa ulezi nao nikauzoea, mpaka nikaanza kuusubiri.

Muhula ulipokaribia kwisha, moyo ukagawanyika. Asubuhi niliamka na furaha ya kwenda kumwona mama. Ikifika mchana, nikiwasikia wenzangu wanapanga nani atachukua kitanda changu, furaha inaniponyoka. Hawakuwa na ubaya. Wao walikuwa wanabaki, mafunzo yao yalikuwa marefu. Lakini hakuna upweke, mwanangu, kama kukaa katikati ya watu wanaozungumzia siku ambazo wewe hutakuwepo. Sikumwambia Kyomugisha neno. Naye hakuniambia. Moyo wa mtu ni msitu.

Siku ya kuondoka, yeye aliitwa wodini mapema. Mama mmoja alikuwa na uchungu mzito, mtoto amekaa vibaya. Lori la kunipeleka mtoni lilikuwa linanguruma nje, nami nikasimama pale mlangoni. Kyomugisha aliinua uso, mikono imelowa, akanitazama.

"Kokuhirwa," akasema, "funga mlango. Mtoto anakuja, na upepo unaingia."

Nikaufunga. Sikusikia neno lake jingine tena, hadi leo.

Nilivuka Kagera kwa mtumbwi pale Murongo, nikalala njiani kwa watu wema, kisha nikaingia Nkwenda. Nyumbani walikuwa wametandika majani mapya sakafuni. Baba alikuwa amewaalika majirani kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikapiga magoti, nikawaamkia wazee wote. Waliniuliza kama Uganda kuna magari mengi. Nikajibu yapo, nao wakarudi kwenye mazungumzo yao ya kahawa. Mara neno la Kinyankole likaniponyoka, wadogo zangu wakacheka. Kicheko kile kile kilichonikimbiza nyuma ya jiko la watu, sasa nakisikia kwetu.

Siku zilipita nikiwa sili vizuri. Naamka, nachota maji, nakaa. Baba alivumilia, halafu siku moja akasema mbele ya wote, "Mkataa kwao ni mtumwa," akachukua fimbo yake akatoka. Neno lile lilinichoma, maana sikuwa nimekataa kwetu. Huko ng'ambo nilikuwa nimeililia Nkwenda mpaka macho yakavimba.

Kesho yake mimi na mama tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, machozi yakanidondokea mikononi. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Anaitwa nani?"

"Nani, mama?"

"Huyo unayemlilia. Mtu halilii nyumba."

Nikamtaja, nikamsimulia yote mpaka ule mlango. Mama akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba alipoletwa Nkwenda kuolewa, akitokea Ndama, alilia mwaka mzima akiwalilia dada zake. Alipopata ruhusa ya kwenda kuwasalimia, alifika Ndama akajikuta anaililia Nkwenda.

"Nikadhani ni ugonjwa," akasema. "Na hakuna aliyeniuliza."

"Ulipona lini?"

"Sijapona. Nimeuzoea. Nipe hiyo ndizi."

Jioni ile kwenye sala, baada ya kututaja sisi watoto wake, mama akaongeza, "Na Kyomugisha, ng'ambo ya mto." Baba akafungua jicho moja, kisha akalifumba. Tangu siku hiyo jina lile halikukosekana. Nilikuja kusikia kwamba Kyomugisha aliolewa mbali, upande wa kaskazini, baada ya hapo sikusikia kitu. Nimewazalisha akina mama wa Nkwenda mpaka nywele zikawa nyeupe, na mara nyingi, mtoto akichelewa, nilitamani mwenzangu yule awe upande wa pili wa kitanda. Upweke ule haukuisha, ila sikuubeba peke yangu. Mama alipougua akashindwa kusali kwa sauti, baba ndiye aliyeongoza. Akatutaja mmoja mmoja, kisha akasema, "Na yule binti wa ng'ambo ya mto."

Basi, mwanangu, wewe ambaye masomo yako ya ugenini yanafika ukingoni, nisikilize. Usione haya kufurahi na kulia siku moja. Kumlilia mtu wa ugenini si kuwakataa wa kwenu. Waage watu wako mapema, kabla lori halijanguruma, maana kazi za watu hazingoji kwaheri yako. Ukifika nyumbani, usikasirike wasipokuelewa. Wana furaha yao kwamba umerudi, waachie waifurahie. Na siku ukimwona mwingine amerudi kutoka mbali, amekaa pembeni, chakula kinapoa mbele yake, usimuulize habari za magari. Muulize jina la mtu.

Mungu akuvushe salama, akupe wa kukupokea huku, na huko unakotoka asikosekane mtu wa kukutaja.