Fundi wa Tasnifu za Watu

Kwenye duka la kutoa nakala, mkabala na geti la chuo kikuu, wanafunzi wote walimwita Fundi. Alisoma uzamili kama wao, ila wao walilipiwa ada na waajiri wao. Yeye alikuwa na mama mfua nguo za watu, na kaka aliyelipa muhula wa kwanza kisha akaacha kupokea simu. Ndipo akaanza kunyoosha tasnifu za wenzake. Mwanzoni alisahihisha nukta na mikato tu. Baadaye mwenye shida alileta mada na madodoso yake kwenye mfuko wa plastiki, naye akampa kitabu chenye jalada gumu.

Tusidanganyane, alijua si halali. Lakini ada haimsubiri mtu atubu kwanza. Tena alikuwa hodari: wateja walifaulu, wakapandishwa vyeo, wakikutana naye barabarani wakatazama upande wa pili. Ada ililipwa, kodi ya chumba ikalipwa, na mama yake akawatambia majirani: "Mwanangu anajisomesha mwenyewe. Hata sijui kamrithi nani."

Aliyemponza ni mwalimu mkuu mmoja, mama wa makamo, mpole, aliyehitaji shahada ili asikose cheo. Mada yake ilikuwa utoro shuleni. Ya Fundi ilikuwa watoto wanaofanya kazi kabla ya kwenda shule. Mada hizo ni ndugu wa tumbo moja.

"Nisaidie, mwanangu," alisema yule mama. "Wakifunga dirisha la kupokea tasnifu nimekwisha."

Muda haukuwepo. Fundi akaichukua sura ya pili ya tasnifu yake, aliyoiandika taratibu na kwa mapenzi, akaipachika kwenye kazi ya mwalimu mkuu. Yake mwenyewe akaiacha vilevile. Tasnifu za wateja alizipitisha zote kwenye programu ya kukagua unakili, ila ya kwake hakuipitisha. Mtu na maneno yake, akague nini?

Mwalimu mkuu alihitimu mwaka ule. Fundi alipokabidhi ya kwake, msimamizi wake alimwita ofisini na kumwekea mezani kurasa zilizojaa wekundu.

"Sura ya pili yote umeichota kwenye tasnifu ya mwalimu mkuu mmoja," profesa alisema. "Iko maktaba." Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Mtoto anayeingia darasani na povu la sabuni kwenye viwiko ametoka kazini tayari.' Unaona? Huyu mama anajua kuandika. Ungekaa ukajifunza kwake, leo tusingekuwa hapa."

Fundi alifungua mdomo. Mtoto wa povu alikuwa yeye, akimsaidia mama yake kufua kabla kengele haijalia. Lakini angesema hivyo, ingebidi aseme na yote yaliyofuata: mwalimu mkuu angevuliwa shahada, naye angefukuzwa chuo. Ulimi uliponza kichwa tangu zamani.

"Nisamehe, Profesa."

"Kwenye kamati ya nidhamu sikupeleki. Nenda kaandike upya, kwa maneno yako mwenyewe."

Alirudi chumbani, akaandika. Kila sentensi aliyoipenda, programu iliipaka wekundu, kwa kuwa jambo lile alikwisha kulisema vizuri mara moja, na namna nyingine nzuri ya kulisema hakuiona. Basi akaanza kuziharibu. Mtoto wa povu akamtoa, akaandika: "Baadhi ya wanafunzi hushiriki shughuli za kiuchumi kabla ya muda wa masomo." Programu ikanyamaza. Akaendelea hivyo ukurasa kwa ukurasa, huku akilia. Alijionea aibu, na kwa mara ya kwanza akamchukia mwalimu mkuu ambaye hakumkosea kitu.

Mwalimu mkuu mwenyewe alimpigia simu wiki hiyohiyo. Alikuwa amealikwa kusoma ile sura ya pili kwenye mkutano wa walimu, akataka kujua viwiko vile vilitoka wapi, wasije wakamuuliza.

"Sema ulimwona shuleni kwako," Fundi alimjibu.

Profesa aliisoma kazi mpya mbele yake, akifunua kurasa upesi upesi. Alipomaliza akaweka sahihi na kumpa mkono.

"Si tamu kama ile," alisema, "lakini angalau hii ni yako."