Nani Alifunga Waya kwenye Chanja?

Mvua ilitushukia dagaa wakiwa bado wameanikwa. Mimi nimesimama mlangoni mwa banda, mikono mitupu, naangalia maofisa wawili wa mawasiliano wakipakia transmita yangu kwenye gari. "Anueni! Mvua!" Nani asikie? Wenzangu wametapakaa ufukwe mzima, kila mmoja na kiredio chake kando, anasubiri nimwambie.

Kazi hiyo ya kutangaza mvua ilikuwa yangu tangu mtumbwi ulipopinduka ukanivunja mguu. Kukimbia siwezi, lakini wingu la ziwani nalijua. Basi nikanunua kile kidubwasha cha kurushia sauti kwenye redio, sokoni Buzuruga. Muuzaji akaapa, "Mama, hiki cha uani tu, hakitaki kibali." Mwongo wa kwanza huyo.

Jamani, raha! Nikitamka "Anueni!" wanawake wanainuka kwa pamoja kama wamechomwa sindano. Kukiwa kweupe naimba, nawasema waume zao. Tulicheka mpaka tukakanyaga dagaa.

Mwongo wa pili ni mwenyekiti wa kikundi chetu. Wanawake wa mwisho wa ufukwe walisikia mikwaruzo tu, basi akachukua waya, akaiunga antena na chanja, zile meza za wavu wa chuma tunazoanikia, zimeshikana mstari mmoja.

"Mwenyekiti, si itafika mbali?"

"Ndiyo tunachotaka, shangazi!"

Ikafika. Shoga yangu akanipigia simu kutoka Nyakato, kule mjini, hoi kwa kicheko: "Niko saluni! Umekatiza taarifa ya habari, unasema mwenyekiti anakoroma kama injini ya boti!" Nilicheza kwa mguu mmoja. Mimi, niliyeishia darasa la tatu, nasikika saluni!

Ndipo wakaja wale maofisa. Ofisa akasema kwa upole, "Mama, vidogo vinavyoruhusiwa vipo, ila viwe vimekaguliwa na nguvu yake isivuke kipimo. Mkishaunga machuma haya, mmefungua kituo cha redio bila leseni, tena juu ya matangazo ya watu. Mngeuliza kwanza. Hata kipaza sauti kingewatosha."

Nikamtazama mwenyekiti. Yeye akatazama ziwa. "Sijui lolote, mkuu. Ni mambo ya huyu mama."

Dagaa wakaoza, kikundi kikanitoa. Eti nimewaponza.

Sasa, mwenyekiti, nakuuliza: ule waya aliufunga nani? Njoo ujibu ufukweni, mchana kweupe, wanawake wote wakiwepo, na nafasi yangu uirudishe. Kipaza sauti nitaleta mwenyewe.