Mama Mkasi na Kampuni ya Mishale

Kwa miaka thelathini hakuna kazi iliyotoka kwenye cherehani ya Mama Mkasi ikarudi. Nyumba ilikuwa ya kupanga, mume alishajiendea zake, lakini kazi hairudi. Hilo ndilo lililomfanya atembee kichwa juu.

Ndipo akaja Bwana Mshauri na tai yake. Hospitali ilitaka viti sitini vyenye mito, naye akaunganisha seremala, fundi rangi na mshonaji wasiojuana wawe kampuni moja ya muda, isiyo na ofisi, inayokutana kwenye simu tu. Akabandika mchoro mkubwa ukutani kwa Mama Mkasi: kila karakana kisanduku chake, na mishale kati yao.

"Na huyo seremala nitamwona lini, baba?"

"Huna haja, mama. Mshale unatosha."

Mshale! Kana kwamba mbao zinajua kusoma.

Vipimo vya viti vikaja kwenye simu. Mama Mkasi, kama fundi yeyote mwenye adabu, akapunguza upana wa kidole kimoja kila upande ili mto uingie bila kukwama. Mito ikaenda hospitali. Siku ya tatu ikarudi yote, ikarundikwa mlangoni pake majirani wakitazama. Ndani ya viti ilicheza kama meno ya bibi kizee.

Akampigia Bwana Mshauri.

"Mfumo hauna kosa, mama. Kosa ni la watekelezaji."

"Basi ukalalie huo mfumo!"

Akatundika futi shingoni, akaenda kumsaka seremala. Kumbe yuko mtaa wa pili! Miezi miwili ya kutumiana ujumbe, na kilichowatenga ni kinyozi na duka la mkaa.

"Wewe ndiye uliyenivua nguo mbele za watu?"

"Mimi tena, dada? Nilikuongezea kidole kila upande, mto wako upate nafasi!"

"Nami nikapunguza kidole!"

Wakatazamana. Seremala akaanza kucheka, akaona uso wa mgeni wake, akaacha.

"Hospitali wametupa mpaka Ijumaa," akasema. "Chukua kiti hiki cha mfano kilichobaki, ukipime mwenyewe."

Mama Mkasi akakibeba kichwani hadi nyumbani. Kila mto ulihitaji kuongezwa ukanda wa vidole viwili ubavuni, na ukanda huhitaji karatasi ya kipimo ya kukatia kitambaa. Akaubandua mchoro ukutani, akaulaza mezani, akapitisha mkasi katikati ya visanduku. Kwa mara ya kwanza karatasi ile ilifaa kitu.

Ijumaa mito ikaenda. Haikurudi.