Maranda Aliyoyafagia Mama

Sabuni alikuwa mtu wa kushinda kwenye maji. Jina hilo walimpa wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, naye alilizoea hata akiitwa jina lake halisi hugeuka kuangalia anayeitwa ni nani. Shuka, mapazia, kisha shuka tena. Akirudi jioni alichotaka ni kukalia kitu kikavu, basi. Lakini uani walimngoja kuku saba ndani ya uzio wa waya, na chini yao tope jeusi lililonuka hadi barabarani.

Mwenye nyumba hakumung'unya maneno. "Jumamosi mchana nitapita. Nikisikia harufu, kuku waondoke. Nimevumilia vya kutosha."

Angejua! Kuku hao ndio waliomweka Mama nyumbani. Tangu kumbukumbu zianze kumpotea, Mama hakutoka uani maadamu ana kuku wa kuangalia. Siku moja tu walipofungiwa ndani wachanjwe, majirani walimkuta stendi, miguu mitupu, akisubiri gari la mahali asipopajua. Bila kuku, Sabuni angeacha kazi, au amfungie mama yake mzazi kwa kufuli. Hilo alikuwa akianza kuliwaza, anaishia njiani.

Ili kukausha tope alimwaga pumba za mpunga, zikalowa zikaganda. Akamwaga vumbi la msumeno, kuku wakapiga chafya kutwa. Fundi seremala wa kona akamcheka.

"Dada, huo ni unga. Chukua maranda, haya makubwa yanayotoka kwenye randa. Mwaga yafike kifundo cha mguu. Halafu usifagie. Geuza kwa reki, ya chini yapate hewa."

Jumatano alibeba magunia mawili, moja moja, mgongo ukilalamika, akamwaga. Alhamisi aliporudi alikuta ardhi tupu, ina mistari mizuri ya ufagio, na maranda yote yamelundikwa nje ya uzio, yamelowa, hayafai tena. Alimsihi Mama asifagie, akaenda kubeba mengine. Ijumaa akakuta vilevile. Kutwanga maji kwenye kinu kungekuwa na nafuu, angalau mtu hutwanga amekaa.

Mama alikuwa amelea watoto wanne kwa sheria moja: ua usiofagiwa ni aibu ya mwenye ua. Majina ya watoto yalishamtoka. Sheria ilibaki.

"Kwa nini unafagia?" Sabuni alifoka, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Si nilikuomba jana?"

Mama alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni mkali. "Usinikasirikie, dada. Mwanangu anafua huko hospitali. Anarudi hoi. Sitaki akute uchafu hapa."

Sabuni aligeukia ukuta akalia. Alilia kwa uchovu kwanza, huzuni ikafuata nyuma. Alipomaliza alipangusa uso kwa kanga, akaenda kwa fundi kwa mara ya tatu, akaomba na reki. Alimwaga maranda, akaficha ufagio, kisha akamkabidhi Mama reki.

"Mwanao ameagiza. Anasema siku hizi hatufagii, tunageuza."

"Amesema yeye?"

"Yeye mwenyewe."

Mama akaipokea bila ubishi. Neno la binti yake lilitosha.

Jumamosi Sabuni alitoka zamu ya asubuhi akamkuta mwenye nyumba keshafika, ameinama juu ya waya, pua mbele. Alivuta pumzi mara mbili.

"Mh. Afadhali," alisema. "Tutaona mvua zikizidi." Akaenda zake.

Sabuni aliegemea mlango, hana hata nguvu ya kufurahi. Ndani ya uzio Mama aligeuza maranda polepole, kuku wakimfuata wakiparua.

"Mwanangu akirudi atafurahi," Mama alisema.

"Amesharudi, Mama."

Mama aliangalia lango, akaangalia dirisha, kisha akamwangalia yeye, hadi kwenye viatu vyake vilivyolowa.

"Basi mwambie akalale," alisema. "Kazi iliyobaki nitamalizia mimi."

Sabuni akasema atamwambia.