Vidonge Alivyomgawia Jirani

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mwalimu wa zamu aliniita nje akaniambia mama mshonaji wa kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, amefariki. Ninyi mnaosoma safu hii kwenye ubao wa shule mnamjua: sare za nusu yenu alishona yeye. Saratani ya titi ndiyo iliyomuua. Kila mwezi nilimsindikiza hospitali Mbarara, kwa sababu hakujua kusoma kadi yake. Huko muuguzi mmoja aliyejifunza Kiswahili akikulia kambi ya jeshi ya Makenke alimweleza vizuri kuliko kitabu changu cha biolojia.

“Mama, sikia. Homoni ya kike imeongea na hizo seli miaka mingi. Jeni ingine imewaka, ingine imezima, sasa seli inajua kazi moja tu, kuzaana. Hii kidonge inaziba masikio yake. Ukiacha, itasikia tena. Kila siku, miaka tano.”

“Miaka tano! Hata bwana yangu sikumuvumilia vile!” Tulicheka wote watatu.

Uvimbe ukapungua, na hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu tunagawana unga, sabuni, hata dawa. Aliyepata nafuu humpa mgonjwa kilichobaki. Akafunga vidonge vyake kwenye kitambaa, akampelekea jirani muuza sombe, yale majani ya muhogo, ambaye naye alikuwa na uvimbe na hajawahi kupimwa. Nikamkumbusha kwamba muuguzi alikataza kuacha.

“Weye, masomo imekujaa mukichwa! Miye niko muzuri. Nikalie dawa, mwenzangu afe? Usinisemee kwa munganga wa hospitali.”

Sikusema. Mwezi uliofuata muuguzi aliuliza, “Anakunywa?” Mama akasema ndiyo, mimi nikatazama viatu vyangu, na vidonge vipya navyo vikaenda kwa jirani. Mnajua nilivyo, hata darasani siinui mkono. Uvimbe uliporudi, ulirudi na nguvu. Nina hasira na aibu yangu, na nina hasira na sisi sote tuliomsifu msibani kwa ukarimu bila kusema ukarimu ule ulimfanya nini. Dawa si unga. Imepimiwa mwili mmoja, na anayejua hivyo akanyamaza naye amegawa.

Siku iliyofuata mazishi, kabla jua halijatoka, nilibisha kwa muuza sombe. Kile kitambaa kilikuwa juu ya meza, vidonge vimebaki vitatu.

“Mama, hivi si vyako,” nikasema. “Vaa, twende Rwekubo tupande gari la Mbarara, ukapimwe.”

“Nitamuambia nini munganga?”

“Leo nitasema mimi. Yote.”

Tukaenda, na nikasema.