Suti Iliyolowa Bila Bwawa

Buda alikuwa mpiga mbizi. Alikuwa akishuka bwawani Masinga kutoa takataka zilizokwama kwenye milango ya maji, nami nilijivunia baba yangu kuliko vijana ambao baba zao wana magari. Kila Ijumaa nikitoka shule nilikuta suti yake nyeusi ya mpira kwenye kamba ya nguo, inadondosha maji.

"Samaki wanakusalimia," alikuwa akiniambia.

"Waambie waje na ugali."

Mwaka huu alianza kuhema ovyo. Akipanda kale kamlima ka kufika kwetu alisimama mara mbili, na mimi, mtundu wa familia, nikamwigiza mezani: mikono kiunoni, ulimi nje. "Buda, kwani mimba ni ya mapacha?" Dada yangu mkubwa hakucheka. Mwaitu, mama yetu, akaangalia sufuria. Nikadhani sijachekesha vya kutosha, nikaongeza.

Halafu chama chetu cha sayansi kikamwalika buda shuleni. Manze, alieleza vizuri, wacha nimpe haki yake. Huko chini maji yanabana hewa unayovuta kutoka mtungini mpaka inakuwa nzito, kuivuta ni kama kufyonza uji kwa mrija. Kila pumzi inaingiza oksijeni nyingi kupita kiasi, na kwa presha hiyo mishipa inajibana, moyo unapunguza mwendo.

"Na hiyo si hatari?" msichana mmoja akauliza.

"Moyo mzima unavumilia. Uliochoka ukilazimishwa kusukuma damu kwenye mishipa iliyojibana, unaweza kushindwa. Ndiyo maana daktari alinikataza kushuka tangu mwaka jana."

Alishamaliza kusema ndipo akakumbuka niko pale.

Nilifika nyumbani mbio. "Mwaitu, kama baba hashuki, ile suti hulowa wapi?"

Aliendelea kuchambua mboga. "Huwa naichovya kwenye karai kabla hujafika."

Karai! Nyumba hii hii ya kununua maji kwa mtungi, ambapo nikioga kwa nusu ndoo naitwa mfisadi! Kumbe buda akiaga kwenda Masinga alikuwa anaenda Kalama kwa shangazi, kukaa kivulini akichambua maharagwe. Shangazi alijua. Dada alijua. Hata kadogo ketu ka darasa la pili kalijua. Ndiko kalikuwa kanamshikia mwaitu vibanio.

"Tungekuambia, ungefanya mchezo," dada akasema. "Kwako kila kitu ni kichekesho."

"Nilifanya mchezo kwa sababu hamkuniambia! Nimemcheka mgonjwa mezani, na nyinyi mnatafuna tu!"



Jioni buda akaja kuketi kando yangu, akihema. "Haya, mchekeshaji. Sema kitu basi."

Nilikuwa nacho kichekesho kimoja, kitamu ajabu, cha suti inayopiga mbizi kwenye karai. Nilimwona anakingoja, ameshaanza kutabasamu. Nikakimeza.

"Sina," nikamwambia, kwa sauti ile ile tamu aliyokuwa akiniletea nayo salamu za samaki.