Bahari Ilipopata Joto

Mwaka ule wa mwisho wa vita vya shifta, nikiwa Garissa, nilikaa roho juu msimu mzima, na sababu ilikuwa bahari ambayo hata sikuwa naiona.

Nilitoka bara kuja kufanya kazi ya hali ya hewa. Kila asubuhi tulijaza puto gesi, tukaliachilia, nami nikalifuata kwa darubini kujua upepo wa juu unaelekea wapi. Msimu ule maputo yote yalikimbilia magharibi. Kisha wenzetu wa pwani wakatuma habari kwa redio: maji ya bahari yamepata joto kuliko kawaida. Bahari ya upande wetu ikipata joto hivyo, hewa yake hupanda na unyevu mwingi, upepo huusukuma huku kwetu, na vuli ikianza haina breki.

Mama mmoja wa Kisomali aliyeniuzia maziwa, nikimwita Eddo, yaani shangazi, alikuwa amewekwa na serikali, pamoja na wenzake, katika kijiji chenye ulinzi wa askari, bondeni karibu na mto Tana. Zamani, mafuriko yakikaribia, wangehama wenyewe. Sasa kutoka bila ruhusa ni kuitwa shifta, mwasi wa porini.

Nikamwendea afande aliyesimamia kijiji, nikamwomba awahamishe.

"Wingu hata moja silioni, wewe waniletea habari za bahari! Nani amekutuma?"

Nilimsumbua mpaka akakubali wahamie mwinukoni, ila niwe mdhamini wao. Asubuhi akikosekana mtu kwenye hesabu, ametoroka, na mimi nafungwa.

Jamani, niliogopa! Wiki zikapita, mbingu kavu. Askari wananicheka. Eddo naye hakuniacha.

"Walaal, ndugu yangu, hiyo mvua yako inakuja kwa miguu?"

Kule juu hawakuwa wamemaliza boma la miiba, kwa hiyo vitoto vya mbuzi vilibaki katika zizi la zamani kule bondeni. Eddo alikuwa na ruhusa ya kushuka jioni kuvipelekea maji. Jioni moja alishuka, na mvua ikaangukia hapo hapo, mvua ya kumwagwa, ikapiga mpaka kukakucha.

Afande alihesabu watu, akarudia, akanigeukia.

"Yule mama yako wa maziwa hayupo. Ametoroka?"

Nikatazama bondeni. Maji ya matope yalikuwa yamefunika zizi na mapaa ya vibanda. Nikamwomba Mungu, kwa roho yangu yote, awe ametoroka.